Goti la Kushukia

Goti langu la kulia lilichoka kabla yangu. Miaka ile ya soko huria wanunuzi wa boriti waliongezeka Nyamisati, kila mmoja na haraka zake, na sisi wapagazi tulibeba miti ya mikoko kutoka topeni hadi chomboni kabla maji hayajatoka. Tope lile linakushika mguu. Ukiung'oa, goti ndilo linaloumia. Maumivu yakahamia chini ya pia ya goti, yakakataa kuondoka.

Mama alinichua kila jioni kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Alikuwa mzee, moyo wake mbovu, lakini akiminya nilipiga kelele, mtu mzima mimi. Akimaliza hurudia yale yale: "Lipone hilo, mwanangu. Wewe ndiye utakayekipokea kichwa changu. Simtaki mwingine."

Alimaanisha kaburini. Kwetu mwanamke hupokelewa mle chini na watu wake wa damu, na mimi nilikuwa mwanawe wa kiume wa pekee. Nilichukia habari hizo. Niliziogopa pia, maana hata kuchutama chooni kulikuwa kumeshanishinda.

Nikapanda lori la mkaa hadi Kibiti, kwenye kituo cha afya, alikokuwa akija mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke wa bara. Alibonyeza pale pale, nikaruka.

"Hii ni kano, baba, kamba inayoshika goti. Imechoka. Ukiilaza tu haiponi, inataka kazi, ila polepole. Kwako kuna ngazi?"

"Ipo."

"Basi kila siku panda, kisha shuka taratibu, uzito wote uwe kwenye mguu unaouma. Ukiuma kidogo usiogope."

Ngazi yangu ilikuwa ya dungu, kibanda cha juu ya nguzo tunacholala shambani kulinda mpunga na nguruwe. Nikapanda na kushuka msimu mzima. Jirani wakanitania kwamba kila nikifika chini nakumbuka nimesahau kitu juu. Mama naye akanuna: mgonjwa gani huyu asiyetulia mkekani? Goti halikubadilika hata chembe. Nilichoka nalo, nikachoka zaidi na watu wa kuniuliza linaendeleaje.

Niliporudi Kibiti, yule mtaalamu hakuamini kama nimefanya kitu. "Hebu nioneshe unavyoshuka."

Baraza ya kituo ilikuwa na ngazi fupi. Nikapanda, uso ukabaki kwenye baraza, nikakumbatia nguzo, nikashuka kinyumenyume.

"Mbona unashuka kinyumenyume?"

"Sasa dungu linashukwaje, dokta? Ukilipa mgongo si unaanguka?"

Akakaa chini akacheka mpaka akafuta machozi, mimi nimevimba kwa hasira. Msimu mzima mikono yangu ndiyo iliyokuwa ikifanya mazoezi.

Nikaweka gogo mlangoni kwetu. Nasimama juu yake, uso nje, mikono mitupu, nashuka, mguu mbovu ndio unaobeba mwili. Mama hakuwa tena na nguvu za kunichua, lakini mdomo ulibaki. Alilala mkekani akinisimamia. "Unaanguka huko, hushuki. Rudia." Nilirudia kwa uchovu, siku nyingine kwa machozi. Goti halikupona, lilipungua makali tu.

Masika yalipoanza, mama akafa. Tulimzika Mtunda, kwao, penye ardhi kavu. Pale kaburini watu walinitazama goti kabla ya kunitazama uso, na binamu yangu akaninong'oneza, "Kaka, acha niingie mimi mahali pako." Nikakataa. Nikaupa mgongo ukingo wa kaburi, mikono mitupu, nikajishusha kwa mguu mbovu polepole, kama alivyokuwa akitaka. Nilikipokea kichwa chake. Alikuwa mwepesi mno. Nikapiga goti kumlaza, likaniuma mpaka meno yakasagana, nikamlaza hivyo hivyo, vizuri.

Kutoka ndiko kulikonishinda. Goti lilikufa ganzi, wakanivuta kwa mikono kama gunia, na nilipofika juu nikalia kwa sauti mbele ya watu wote.

"Pole, kaka," binamu akasema, akinifuta mchanga. "Goti hilo."

Nikamwambia ndiyo, ni goti.