Ruta Kwenye Kenchi

Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba intaneti huteremka. Aliyeniambia ni fundi bomba mmoja tuliyekaa naye dawati moja kwenye masomo ya jioni. Alisema mtandao ni kama maji yetu ya Morogoro: yanatoka Uluguru yakishuka yenyewe, hayasukumwi na mtu, na ukikosea tu ukapandisha bomba, umekwisha. Darasa zima tuliafiki.

Kwa hiyo nilipopata kazi yangu ya kwanza ya maana sikuuliza mtu. Ilikuwa ofisi ndogo pale Mafiga, inayowatafutia wakulima wa mlimani soko la mboga kwenye hoteli za Dar. Mama mwenye ofisi alinikabidhi kazi ya kununua vifaa na kuviunganisha. Dukani nilichagua kama bwana harusi: kompyuta zilizotumika lakini zenye afya, printa, swichi ya kugawa mtandao, na ruta yenye antena ndefu kama pembe za choroa. Ruta nikaipandisha kwa ngazi hadi kwenye kenchi, karibu kabisa na bati, maana hapakuwa na dari. Waya nikauteremsha ukutani bila kuuruhusu upande hata unene wa kidole. Meza ya mama nikaikata miguu, kwa sababu mkubwa ndiye anayestahili presha kubwa. Akawa anaandika magoti yakimgusa masikio.

Asubuhi mtandao ulimwagika vizuri. Ikikaribia saa sita, kimya. Na oda za hoteli zinaingia saa hizohizo. Mimi nikajua ni mgao: mji mzima umefungua, sisi wa mwisho wa bomba tunapata hewa. Nikapandisha ruta hadi antena zikagusa bati. Sasa ukawa unakata saa tano.

Nilikonda mpaka mkanda ukaniacha. Mboga zilinyaukia uani zikisubiri oda. Mzee mmoja aliyeshusha mzigo wake kutoka mlimani nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya msibani. Mama wa ofisi hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniita kwenye kimeza chake.

"Mwanangu, kesho mchana ukikata tena, chukua ngazi yako uende nyumbani. Nitakuombea upate kazi nyingine."

Nyumbani kwenyewe ningeingiaje? Mama yangu mzazi alishatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe ndiye aliyeleta intaneti Morogoro.

Nikachomoa ruta, nikaifunga kwenye shati langu la akiba, nikaruka bodaboda hadi duka la kompyuta mjini. Nilimwambia muuzaji amenipa mbovu, anibadilishie, la sivyo nahamia hapo kaunta na godoro. Aliipokea, akaitua upesi, akapuliza vidole. Akauliza naiweka wapi. Nikamweleza yote: mlima, mteremko, mgao wa mchana, miguu ya meza. Wateja waliokuwa wanachagua chaja waliacha wakasikiliza. Nilikuwa karibu kulia, na nadhani aliliona hilo, maana hakucheka.

"Kaka, mtandao si maji. Hauna mlima wala mteremko. Jua linapasha bati, bati linaichoma ruta, ruta inajizima. Ishushe, iweke kwenye rafu yenye hewa. Na meza ya watu kairudishie miguu."