Shanga za Pipa la Dani

Juzi nilikuwa Oyugis kutafuta tangi la kuwekea vifaranga vya samaki, maana na mimi siku hizi nina kidimbwi changu. Muuza duka, kijana mwenye maneno matamu, akanionyesha tangi jeusi la plastiki lenye mistari myekundu kwa ndani. "Madam, hii iko na alama zake tayari," akasema. "Si rangi ya kupakwa, imetoka nayo kiwandani. Samaki hata haisikii kitu." Nikaingiza mkono, nikafumba macho, nikapapasa ukuta kutoka juu mpaka chini. Ulikuwa laini kote. "Madam, kwani unatafuta nini?" akaniuliza. Nikamwambia basi, nimeridhika, anifungie. Habari za Dani si za kusimulia dukani huku watu wanasubiri misumari. Wewe tuko pamoja, una nafasi, keti nikueleze.

Dani ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kijaluo, na huyu alikuwa mama yake mama yangu. Mama alikuwa akifuata soko la mifugo kule Ogwedhi, akiwapikia wachuuzi wa ng'ombe chai na chapati, kwa hiyo mimi niliachwa Kisegi kwa Dani. Miaka ile ya tisini sikuona kama nimeachwa. Niliamka na harufu ya omena, dagaa wa ziwani, wakianikwa juu ya nyavu kuukuu, nikanywa uji wa mtama uliochachuka kidogo, kisha nikashuka ziwani na ndoo kichwani. Kina mama walifua wakipiga kanga kwenye mawe, na mawe yale yalikuwa yakilia kila moja kwa sauti yake. Mpaka leo nikisikia nguo ikipigwa jiwe, shingo inakaza yenyewe kama iliyobeba maji.

Maji yale mengi hayakuwa yetu. Yalikuwa ya mumi, wale kambare wenye sharubu. Dani aliuza chambo. Wavuvi walitega mbuta, yaani sangara, kwa kamba ndefu zenye ndoano nyingi, na mbuta ni bwana mkubwa, hali kitu kilichokufa. Alitaka mumi mdogo, hai, anayejinyonganyonga. Vijana waliwanasa mumi kwenye matete ya mto, wakamletea Dani, naye akawatunza ndani ya pipa la plastiki la buluu mpaka jioni wavuvi walipokuja kununua. Pipa lile lilikatwa likabaki kimo cha kiuno changu, likawekwa kwenye kivuli nyuma ya jikoni, na hakuna aliyeruhusiwa kulisogelea na mikono yenye sabuni.

Kazi yenyewe ilikuwa kujua maji yafike wapi. "Machache wanaiva, mengi wanahama," alikuwa akisema Dani. Na kweli, jua la mchana lilipopiga maji yaliyopungua, mumi walilegea. Ukijaza kupita kiasi, waliruka ukingoni, ukawakuta wanatambaa kwenye majivu kama watu wenye safari zao. Zamani Dani alichungulia tu akajua. Kisha nikaanza kuona mambo. Alikuwa akimimina uji kando ya kikombe. Siku moja alimsalimu ndama wa jirani, akamwuliza habari za nyumbani kwao. Nilicheka, naye akacheka, halafu akanishika mkono kwa nguvu. "Usimwambie mtu," akasema.

Nilijua kwa nini. Mjomba wangu, mtoto wake wa kwanza, alikuwa na cherehani barazani huko Oyugis, na alikuwa amesema wazi: siku macho ya mama yake yakikataa, atakuja kumchukua akae kwenye chumba nyuma ya duka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto anayemwogopea mama yake karibu na maji. Lakini kaburi la babu lilikuwa pale uani, hatua chache kutoka mlangoni, na kila jioni Dani alikaa karibu nalo akichambua mboga. "Nikienda Oyugis," alikuwa akiniambia, "huyu ataongea na nani?" Nami niliogopa pia, tena kwa ubinafsi wa mtoto. Akichukuliwa yeye, na mimi nitapelekwa wapi?

Basi ilibidi pipa lipate alama ambayo macho yake yangeiona. Tulianza na mkaa. Maji yakaula siku ileile. Ndipo Dani akamwomba jirani yetu, fundi wa mitumbwi, amchoree mstari mnene, mweupe. Fundi alikuwa na moyo wa dhahabu na kopo la rangi ya mitumbwi lililobaki. Akachora mstari mpana kama kidole gumba, akasema uachwe ukauke mpaka kesho. Ulikauka, nikaugusa mwenyewe. Tukajaza maji, tukawaweka mumi. Jioni wavuvi walipokuja, samaki wote walikuwa wamegeuza matumbo juu, meupe kama ule mstari.

"Dani, hizi samaki zimekufa aje?" mvuvi mmoja akauliza, akiwageuza kwa kijiti. Wakaondoka na makopo matupu. Fundi alikuja mbio, kofia mkononi. "Nisamehe, Dani. Mimi najua mtumbwi. Mtumbwi haivuti pumzi." Kisha akatazama ule mstari, akamtazama Dani usoni, akauliza polepole, "Lakini mstari kubwa hivi ilikuwa ya nini?" Dani akaanza kuwaokota wale samaki. Fundi alikuwa mtu mwema, na watu wema hawajui kunyamaza. Habari ikapanda gari la Oyugis.

Tulisugua rangi ile kwa mchanga na majivu mpaka vidole vyangu vikachubuka. Siku tuliyomaliza, Dani aliingia chumbani, akatoka na kibuyu kidogo alichokuwa akikificha chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na shanga za kioo, nyekundu na buluu. Babu alimnunulia ng'ambo ya mpaka alipokuwa mwali, naye alizivaa kiunoni miaka mingi, mpaka alipobatizwa katika kanisa la Jumamosi, ambako mapambo hayakutakiwa. "Waliniambia nivue," akasema Dani, akizimimina kiganjani. "Hawakuniambia nitupe."

Kwanza tuliziloweka ndani ya karai pamoja na mumi wawili, tukawaacha wakae nazo. Kesho yake mumi walikuwa wakirukaruka kama kawaida. Kioo hakina neno na samaki, na uzi wa nailoni samaki anaujua tangu alipozaliwa. Mimi nikatunga, macho yangu yalikuwa bado makali. Tukaufunga uzi ukingoni na kuuteremsha mpaka chini, ukakazwa na jiwe. Ushanga mmoja kwa chini: maji yakifika hapa, ongeza upesi. Shanga mbili katikati: hapa ndipo penyewe. Tatu juu: acha, wasije wakahama. Zilizobaki tukazitunga juu kabisa karibu na ukingo, maana Dani hakutaka zitengane. Aliingiza mkono, akaupitisha kwenye uzi, akatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona. Nadhani haikuwa kwa ajili ya samaki.

Mzee wa kanisa alipopita kutusalimu, akaziona. "Mama, na hizo shanga tena?" "Za samaki, mzee," Dani akajibu. "Hao wako majini tangu wazaliwe lakini hawajabatizwa." Mzee akakohoa, akaomba uji.

Mjomba alifika na begi tupu. Mimi nilijua begi tupu ni la nini. Alikula ugali na mbuta wa kukaushwa, akasifu, akanawa, kisha akasema kwa upole, "Mama, nasikia macho yako imekataa. Hiyo pipa unaiangaliaje?" Dani akainuka, akafuata ukuta wa jikoni kwa kiganja, akazamisha mkono. "Yameshuka," akasema. "Ongeza." Mjomba akainama, akaingiza mkono palepale ulipokuwa wa mama yake.

Fundi cherehani anaona kwa vidole. Alikaa ameinama, mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, nikadhani mumi amemchoma na mwiba wake. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama. Hizi si ndizo nilikuwa nashika nikinyonya?"

"Ndizo."

Mjomba hakutoa mkono upesi. Kisha akachukua ndoo yeye mwenyewe, mtu mzima mwenye suruali ya pasi, akashuka ziwani, akarudi amelowa mabega. "Nijaze mpaka wapi, Mama?"

"Shanga mbili."

Akamimina taratibu, mkono mmoja kwenye ndoo, mwingine kwenye uzi. Kabla ya kuondoka alifunga kamba ya katani kutoka mlangoni mpaka jikoni, na kutoka jikoni mpaka pipani, Dani awe na cha kushika. Begi alirudi nalo tupu. Habari ya Oyugis haikutajwa tena, na Dani akaishi kwake, kando ya mtu wake, miaka ambayo hata sasa naiona kama zawadi.

Alipofariki nilikuwa nimeshaota matiti na kiburi. Kina mama walipokuwa wakimwosha, nilimwona mjomba akienda nyuma ya jikoni. Alikata uzi, akazifuta shanga kwa shati lake, moja moja, akazipeleka mlangoni bila kuingia. Zilifungwa kiunoni mwa Dani, chini ya gauni jeupe, na nailoni yake na harufu yake ya mumi. Mzee wa kanisa aliona mwanamke akizipokea. Akaangalia paa.

Wageni walipokwisha kuondoka, nilikumbuka mumi hawajaongezwa maji. Nilichota, nikaja pipani, nikazamisha mkono nijue nifikishe wapi. Nikapapasa kila upande. Sikupata kitu. Tangu kifo kitokee sikuwa nimetoa chozi, watu walishaanza kunisema. Pale ndipo nililia, kichwa kimeegemea plastiki, ndoo imejaa.

Siku hizi kamba ya katani haipo, jiko limeanguka, na pipa sijui lilikwenda na nani. Mjomba naye amelala Kisegi, karibu na makaburi ya Dani na babu. Tangi la Oyugis nililinunua, ni zuri, sisemi uongo. Macho yangu bado mazima na mistari yake myekundu naiona vizuri sana. Lakini kila ninapojaza, mkono hunitangulia majini, ukitafuta shanga mbili.