Breki Zilizorudi Zenyewe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mguu wangu bado hukanyaga sakafu wenyewe. Nilikuwa msichana, na kazi yangu ilikuwa kumsomea ramani binamu yangu Njoroge katika mashindano ya magari. Ndiyo, mimi huyu unayeniona na shali. Njoroge alishika usukani, nami nikamwambia kona inayokuja ni kali kiasi gani. Watu wa kwetu walinishangaa, lakini nilipenda kujua mambo, na ndani ya gari linalokimbia kuna mengi ya kujua.

Siku hiyo mbio zilipita barabara ya vumbi inayoteremka kwenda Subukia. Ni mteremko mrefu, kushoto ukuta wa udongo, kulia bonde lenye mahindi na kahawa. Tulikuwa tunaongoza. Njoroge alikanyaga breki karibu kila kona, nami nikaanza kusikia harufu kama ya nguo inayoungua kwa pasi. Nilitaka kumuuliza, lakini msoma kona hana nafasi ya maswali.

"Kushoto, kali!" nikasema.

Akakanyaga. Gari halikupunguza mwendo. Akakanyaga tena, mguu ukazama mpaka chini kama wa mtu aliyekanyaga matope.

"Hakuna breki!"

Njoroge alikuwa hodari, sitamnyima sifa yake. Akarudisha gia, injini ikalia, akarudisha nyingine, kisha akaliegemeza gari kwenye ukuta wa udongo. Likakwaruza na kutetemeka, kioo cha upande wangu kikapasuka, likasimama. Chini yetu, kwenye kona iliyofuata, niliwaona watu wamejaa kando ya barabara kututazama, wengine wamebeba watoto mabegani.

Tulibaki garini tukihema. Baada ya muda Njoroge akabonyeza breki tena. Ikawa ngumu, nzima kabisa.

"Imerudi! Wanjiru, imerudi! Funga mkanda twende."

"Imerudi kutoka wapi?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Ilikuwa imeenda wapi?"

"Hayo tutaulizana Nakuru, tukimaliza mbio. Wanatufikia!"

Nikatoka kwa mlango wa nyuma wa kulia, kwani wangu ulikuwa umebanwa na ukuta. Nilipanda mlima kidogo nikiwa nimeinua kofia yangu ya mashindano, ili anayekuja nyuma aone kuna gari limesimama. Aliyekuja alikuwa mzee Kiplagat, ambaye madereva wote walimhofia. Angeweza kutupita na kushinda. Akasimama, akashuka.

"Tuko sawa, mzee," Njoroge akasema haraka. "Breki zilipotea kidogo, zimerudi."

Nami nikamweleza mzee kwamba niliuliza zilikuwa zimeenda wapi, nikaambiwa nifunge mkanda. Mzee hakurudi garini mwake. Alisogeza kiganja karibu na gurudumu bila kuligusa, akakitoa upesi kwa joto.

"Mafuta ya breki ulibadilisha lini?"

"Bado, mzee," Njoroge akakiri. Hakuwa amebadilisha tangu aliponunua gari.

"Mafuta hayo hunyonya unyevu," mzee akatuambia, "kama chumvi iliyoachwa wazi msimu wa mvua. Breki zikipata moto sana, yale maji yanachemka, yanakuwa mvuke. Mafuta hayabonyezeki, lakini mvuke unabonyezeka. Kwa hivyo mguu wako unabonyeza mvuke tu, gurudumu halisikii. Ukisimama, zinapoa, mvuke unakuwa maji tena, breki inarudi. Ukianza tena kuteremka..."

Akatazama kule chini waliko watu.

"Lakini ukikanyaga sasa ni nzima kabisa," nikasema, kwa sababu jambo hilo lilikuwa limenishangaza kuliko yote.

"Ndiyo maana inaua," akanijibu. Kisha akamgeukia Njoroge. "Kijana, dada yako alikuuliza swali. Ungemjibu kabla ya kumwambia afunge mkanda."

Magari mengine yakatupita. Mzee alishindwa siku ile, na sikuona akijuta. Aliyejuta ni Njoroge. Alininunia muda mrefu, hata kanisani alinisalimia akiangalia kando. Halafu Jumamosi moja akaja kwetu.

"Kuja unisaidie kufungua breki," akasema. "Nataka kuona."

Yale mafuta yalitoka meusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Tuliinama tukayatazama, vichwa vyetu vikigusana.

"Kumbe," akasema. Hiyo tu. Alikimbiza magari kwa miaka mingi baada ya hapo, na aliacha kwa hiari yake, akiwa na viungo vyake vyote.

Sasa na wewe, mwanangu, umeanza kuendesha kwa kasi, nami sikukatazi. Ninachokuomba ni hiki: hatari ikikupita, mshukuru Mungu, halafu uliza ilitoka wapi na imeenda wapi. Kitu kilichojiponya chenyewe bila kutibiwa hakijapona, kimepumzika. Wazee walisema kuuliza si ujinga, nami naongeza kwamba kukataa kuulizwa ndio ujinga wenyewe. Aliyekaa kando yako amekukabidhi uhai wake; akisema simama, simama kwanza, mbishane baadaye. Ushindi unaweza kungoja mwaka mwingine, mtoto aliye begani kwa babake hana mwaka mwingine wa akiba.

Mungu akutangulie katika kila mteremko. Akupe mguu mtulivu, macho yasiyodanganywa na vumbi, na rafiki asiyeogopa kukukasirisha. Na uzeeke, mwanangu, uzeeke hadi magoti yakuume wakati wa baridi, ukiwa umezungukwa na wanaokupenda.