Mwaka Nilioshika Neno Langu

Mwaka ule nilijiwekea malengo matatu, nikayaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la binti yangu bila hata kumwomba. La kwanza, kuacha urwagwa, ile pombe ya ndizi. La pili, kuezeka upya jiko. La tatu, kutosema wala kujibu Kiswahili ndani ya nyumba yangu mpaka mwaka uishe. Pombe niliirudia kabla Januari haijakwisha. Jiko lilivuja hadi Desemba. Lengo la tatu nililishika, na kwa muda mrefu nilijisifu kwa hilo, mpumbavu mimi.

Nilizaliwa Bukavu, mama wa kabila la Washi, baba mkimbizi wa Kinyarwanda aliyekufa nikiwa na miaka minne. Mauaji yalipokwisha huku Rwanda nilivuka daraja la Rusizi na mke wangu na mtoto, tukaitwa waliorudi, ingawa mimi nilikuwa sijawahi kukanyaga. Nikapata ukarani kwenye ofisi ya komini, hapa Kamembe. Ng'ambo nilikuwa Mnyarwanda. Huku, mara ya kwanza kufungua mdomo mkutanoni, makarani wenzangu waliangua kicheko, na mmoja akaniuliza fungu la sambaza nauza bei gani, kwa kuwa naongea kama wauza dagaa wa Bukavu. Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani nilimpiga mtoto kwa kumwaga maziwa.

Basi nikaapa kwamba Kinyarwanda kitanyooka, changu na cha watu wangu. Mke wangu, mzaliwa wa Bukavu kama mimi, alinisikiliza hadi mwisho.

"Bon, Papa," alisema. "Na tutakuwa tunagombana mu lugha gani?"

Nilitumia njia niliyoijua. Shuleni kwetu ng'ambo, mtoto akikutwa anaongea Kiswahili badala ya Kifaransa alivishwa kibao shingoni, akabaki nacho mpaka amkamate mwenzake kwa kosa lilelile. Mimi nilikivaa sana, na mwalimu yule nilimchukia kuliko shetani. Sasa nikachonga changu, nikakitoboa, nikakitia kamba. Atakayekuwa nacho wakati wa chakula atakula wengine wakishamaliza, tena amepiga magoti. Mwezi mzima aliyepiga magoti alikuwa binti yangu wa miaka saba.

Mama alikuja Februari. Askari walikuwa wamehamia katika nyumba yake ya Bukavu, akavuka na sufuria mbili na kuku mmoja. Alikaa, akanyoosha miguu, akaniangalia kwa furaha, akaniita Papa kama mama wa kwetu anavyomwita mwanawe.

"Papa, nimefika. Nikipumuzika kidogo nitakupeleka ku Nkanka, nikuonyeshe kilima ya papa yako. Paka leo njia naijua."

Kilima kile, nyumbani kwao baba, nilikuwa nakitafuta tangu nivuke. Ndugu wa baba hakubaki hata mmoja, na jina lake nililipeleka huko kando ya ziwa mara tatu bila kupata mtu anayelijua. Mama alikuwa ameolewa pale, akakimbia kutoka pale. Duniani hakuna mwingine aliyejua. Moyo ulinidunda, na kwa moyo huohuo nikamwambia, kwa Kinyarwanda, aniambie habari hiyo kwa lugha ya kilima chenyewe.

Alicheka, akadhani natania. Mke wangu akamweleza kuhusu mwaka wangu. Mama akasema, akimwambia mke wangu na si mimi, "Siku atataka kujua, ataniuliza."

Jioni aliona mjukuu wake amepiga magoti. Aliinuka, akamvua mtoto kamba, akajivika. "Acha. Ni miye namuongeleshaka." Na kutoka siku hiyo hakukivua kibao kile. Alikwenda nacho sokoni, bombani, kanisani. Wakimuuliza, alijibu kwamba ni zawadi ya mtoto wake. Niliona aibu hadi masikioni, lakini kanuni ni kanuni, nami nilikuwa karani. Alikula sisi tukishamaliza. Kwa sababu ya magoti yake nilimruhusu akae, nikajiona mwema.

Mchana alihamia kwa jirani, fundi cherehani Mwislamu ambaye kwake Kiswahili hakikukatika tangu enzi za babu zake. Kutoka uani kwangu nilisikia kicheko cha mama yangu. Siku moja fundi alinisimamisha.

"Jirani, mama yako kwetu anaongea mpaka jua linazama. Kwako anaumwa nini?"

Nikamwambia ashone nguo zake. Mara nyingi nilifika mlangoni pa mama na swali la kilima likiwa kwenye ulimi. Nilihesabu miezi iliyobaki, nikageuka. Kilima hakikimbii, nilijiambia. Kumbe lengo linalolipiwa na watu wengine ni jepesi hivyo. Pombe ilinidai mimi, ikanishinda. Hili lilimdai mama, nikawa shujaa.

Kiangazi malaria ilimwangusha. Ilikuwa mchana, mke wangu ameenda Mururu kulima, nami nilikuwa nimekaa karibu na kitanda. Meno ya mama yaligongana.

"Papa, nasikia baridi. Unifunike."

Blanketi lilikuwa juu ya magoti yangu. Nilimwambia, kwa Kinyarwanda na polepole, kwamba akiliomba vizuri atalipata. Aliniangalia. Akasema tena, "Unifunike, mutoto yangu." Sikusogea. Leo nikiulizwa nilikuwa nawaza nini, sina cha kujitetea: nilikuwa nawaza makarani. Binti yangu aliingia, akaona, akainama akamnong'oneza bibi yake sikioni.

"Imbeho," mama akasema. Baridi.

Nikamfunika, na nilifurahi kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu. Mama alifumba macho, akasema, "Murakoze," asante ile ya heshima anayopewa askari wa darajani anaporudisha karatasi zako.

Alipona. Kwa wengine wote alibaki yule yule. Kwangu mimi alikuwa na maneno yasiyofika kumi, yote ya Kinyarwanda, yote ya adabu: asubuhi njema, ndiyo, hapana, asante. Nilipoingia chumbani alisimama, kama watu wanavyomsimamia afisa. Ofisini hawakuacha kunicheka. Sasa walisema naongea kama katekisimu.

Siku ya mwaka mpya tulipotoka misa nilichinja kuku, nikamvua mama kibao, nikakichoma jikoni, nikatangaza kwamba muda umekwisha. Mtoto alirukaruka. Nikapiga magoti mbele ya mama, mimi mwenyewe, nikamwambia kwa Kiswahili cha Bukavu, kile cha nyumbani, "Maman, unionyeshe kilima ya papa."

Alinitazama bila hasira. Afadhali ningeona hasira.

"Murakoze," alisema, akainuka akaenda kwa fundi.

Aliishi miaka mitatu zaidi nyumbani mwangu. Nilimwomba kwa Kiswahili, nikamwomba kwa Kinyarwanda, nikamtuma mke wangu, nikamtuma padri. Asubuhi njema, ndiyo, hapana, asante. Alipokufa hakuniita.

Baada ya matanga nilimkalisha binti yangu, wakati huo ana miaka kumi na mmoja, nikamuuliza kama bibi yake aliwahi kumtajia kilima fulani kule Nkanka.

"Alinipeleka," alisema. "Siku ulikuwa ku kazi. Tulipitisha pale mchana muzima."

Nikamwambia kesho tutakwenda pamoja, anionyeshe.

"Koko alinikataza," alisema, akimtaja bibi yake.

Nilimbembeleza, kisha nikainua mkono. Hakukwepa. Sasa ana watoto wake, na kila mwaka huwapeleka Nkanka.