Fundi Hajulikani

Mama mkwe wangu ana hasira za karibu, na sijawahi kumlaumu kwa hilo. Ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Mama Pindo, kwa sababu pindo akilishona yeye halifumuki hata nguo yenyewe ichakae. Siku ile alinibana tangu asubuhi nimpeleke makumbusho ya mji. Jirani alimwambia kwamba humo kuna mji mzima umetengenezwa mdogo, umewekwa juu ya meza, na alitaka kuuona mtaa wetu wa zamani.

Mtaa wenyewe haupo tena. Ulibomolewa kupisha barabara. Wavunjaji waliingia bila hodi, Mama akiwa kwenye cherehani, gauni la mteja limeshonwa nusu. Aliwaomba kitu kimoja tu, mlango wa mbele. Baba mkwe, aliyekuwa seremala, aliutengeneza kwa mikono yake kabla hajafariki. Wakamjibu kwamba takataka zote zinakwenda kutupwa, asiwacheleweshe.

Pale mezani, mahali pa mtaa wetu, tulikuta kipande cha sponji ya kijani.

"Hili ni eneo la wazi," alisema mwongozaji, dada mmoja mwenye fimbo ya kuonyeshea. "Kabla ya mradi hapakuwa na mpangilio wowote."

"Kwa hiyo mimi nilikaa wapi, juu ya mti?" Mama akamuuliza.

Wageni wakacheka. Mimi damu ilinichemka. Hapakuwa na mpangilio! Cherehani ilikaa dirishani kufuata mwanga, na benchi la randa lilikaa uani ili vumbi la mbao lisiguse vitambaa vya wateja. Huo ulikuwa nini, kama si mpangilio?

Kutoka pale, ili uingie ukumbi wa pili, unapita kwenye mlango wa zamani uliopachikwa ukutani. Wageni wengine wakapita. Mama akasimama ghafla, akanishika mkono. Kitasa cha mlango ule kilikuwa kichwa chini.

Baba mkwe alikifunga hivyo siku aliyokuwa akigombana na mkewe kuhusu rangi ya mlango huohuo. Alipogundua kosa, akagoma kulirekebisha. Akasema mwizi atakoma. Tangu siku hiyo, kufunga kwetu kukawa kama kufungua kwa wenzetu.

Pembeni palikuwa na kibao: "Mlango kutoka makazi holela. Umetolewa kwa hiari na wakazi. Fundi hajulikani."

Kwa hiari! Nilitamani kuking'oa kibao kile na misumari yake. Mama alikisoma polepole, midomo ikimcheza, kisha akamgeukia mwongozaji.

"Mwanangu, fundi huyu ni mume wangu. Andikeni jina lake."

"Mama, maandishi yameshapitishwa na wataalamu, hayabadilishwi. Na tafadhali, usiguse."

"Nisiguse?"

Akatoa mkobani shada lake la funguo. Humo kuna ufunguo mmoja ambao nimemtania miaka yote kwamba haufungui hata kopo. Akauvuta mlango, akauinua kidogo kwa nyonga kama alivyozoea nyumbani, akazungusha ufunguo. Kitasa kikaitika. Wageni wakabaki huku nusu, na kule nusu.

Mwongozaji alitikisa mlango, akakata tamaa, akapiga simu. Haikupita muda, kule upande wa pili mtu akagonga.

"Hodi!"

Mama akaketi kwenye kiti cha mlinzi, mlinzi mwenyewe akimwangalia tu.

"Nani?"

"Mkuu wa makumbusho. Tufungulie, mama."

"Mlango huu umetengenezwa na nani?"

"Kwa kweli hatumjui."

"Basi subiri umjue."

Najua nilipaswa kuona aibu. Nilifurahi mno.

"Mama, tutajie basi jina lake," sauti ikasema. "Tutaliandika, mbele yako, leo hii."

Akalitaja jina la marehemu, la baba yake na la babu yake. Akamwamuru mkuu alirudie. Mkuu akakosea la babu, Mama akamsahihisha, naye akalirudia lote sawasawa kwa sauti iliyojaa ukumbi. Siku waliyobomoa nyumba, Mama hakulia. Sasa alikuwa analia, uso bado ameukunja.

Akainuka, akazungusha ufunguo.

"Haya," akasema. "Karibu."