Kiti cha Kukhu na Pipa Lisiloguswa

Sisi tuliolelewa Kitengela kabla lami haijaingia mitaani tunajuana. Ukimwona mtu mzima akivua viatu mawingu yakitanda tu, huyo ni wa kwetu. Ule udongo mweusi ulikuwa unameza kiatu pamoja na soksi, unafika shuleni na mguu mmoja, na mwalimu wa zamu hakutaka maelezo. Kiangazi nacho kilikuja na vumbi la kuingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Nyuma ya ploti yetu hapakuwa na ploti nyingine. Palikuwa na nyasi tu, na pundamilia waliosogea karibu na kamba ya nguo bila haya. Tulicheza kati, tukikwepa mpira wa nailoni na kamba, tukaruka bladda, ile kamba ya mpira, mpaka giza, tukanunua kangumu, ile mandazi ambayo lazima uigonge kwanza kwenye dawati ndiyo ikubali meno. Watoto wangu nikiwahadithia wananiangalia kwa huruma. "Mum, kwani mliteseka hivyo?" Haki tena! Tulikuwa na raha ambayo hamtaijua.

Lakini leo sijaja na habari za kangumu. Leo ni habari ya kiti.

Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja kule Athi River. Alijenga nyumba yetu mwenyewe, polepole, ya ghorofa moja. Chini alipangisha kinu cha kusaga mahindi na duka, sisi tukakaa juu, mbali na matope. Ngazi ya saruji ilipanda nje, ubavuni mwa nyumba, moja kwa moja mpaka kwenye veranda. Ilikuwa na vidato kumi na sita. Navijua vizuri kwa sababu nilivisugua kila Jumamosi.

Nilipokuwa darasa la tano, mama alimleta Kukhu, mamake mzazi, kutoka Bungoma. Miguu ya Kukhu ilikuwa imekataa kabisa, na nyumbani hakukuwa tena na mtu wa kumpa hata kikombe cha uji. Lakini ninyi mnaotoka kwetu Bungoma mnajua shida ilikuwa wapi. Mama mkwe kukaa kwa mkwewe! Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawashikani mkono, hawali meza moja, hawaangaliani usoni. Ni heshima, tena heshima kubwa. Baba akatafuta njia: chumba cha mwisho kwenye veranda kilikuwa na mlango wake, basi akaziba ule wa ndani kwa matofali, ndiyo isemekane Kukhu hajaingia nyumbani kwake. Mazungumzo yao yote yalipitia kwetu. Baba alisimama sebuleni akasema kwa sauti, "Naliaka, muulize mama yako kama Kukhu amekunywa dawa," na Kukhu, ambaye amesikia kila neno kupitia dirishani, akanijibu, "Mwambie mama yako amwambie huyo mtu nimekunywa."

Siku aliyofika, vijana wanne wa stendi walimbeba mpaka juu. Mmoja akamshika mguu, mwingine kwapa, leso ikateleza, watu wa kinu wakatoka kutazama. Kukhu akakalishwa kitandani. Kisha akasema, "Mimi si gunia." Mwezi mzima hakushuka. Alikuwa mtu wa kanisa, mtu wa kuota jua na kuuliza kila mpita njia anatoka wapi, na sasa alikuwa anaangalia ukuta. Jioni moja tukamsikia akimwambia mama atafutiwe gari la kumrudisha Bungoma. Kama kushuka ni mpaka abebwe na wanaume asiowajua, heri akafie kwake. Mama alilia. Baba alikuwa sebuleni, akaacha ugali wake katikati.

Jumamosi iliyofuata alianza kuleta vyuma. Alichomelea reli mbili juu ya vidato, kutoka chini mpaka veranda. Akachukua kiti cha mbao chenye mikono, akakiwekea fremu na magurudumu manne, akakifunga kwa kamba ya waya iliyopita kwenye kapi kule juu. Upande wa pili wa ile waya alining'iniza pipa la maji, likawa linapanda na kushuka kwenye kona ya veranda. Pipa likishuka, kiti kinapanda. Kiti kikishuka, pipa linapanda. Uzito wa maji ndio uliobeba uzito wa mtu, kwa hivyo hata mtoto angeweza kuzungusha kishikio cha kukiendesha. Na kishikio chenyewe Baba alikiweka chini, nyuma ya ukuta, makusudi, amshushe Kukhu bila kumwangalia.

Ikabaki hesabu ya uzito. Sasa nani atamuuliza mama mkwe uzito wake? Baba alipangusa jasho kwenye paji akamwambia mama, mama akamtazama Kukhu kwa jicho la kununua ng'ombe, akasema: ni sawa na Naliaka na ndugu zake Simiyu na Nanjala, pamoja na mfuko wa unga. Tukapakiwa sote kwenye kiti, unga magotini. Tulipanda na kushuka asubuhi nzima huku Baba akiongeza maji na kupunguza, mpaka kiti kikatulia. Hapo akachora mstari mwekundu ndani ya pipa, akatuita.

"Haya ya humu si maji," akasema. "Haya ni jiwe. Mtu asiguse."

Jumapili ya kwanza Kukhu alishuka amevaa kitambaa cheupe kichwani, ameshikilia Biblia, mgongo wima kama gavana. Kinu kilizimwa watu waone. Mama Nashipae, jirani yetu Mmasai aliyetuletea maziwa, aliweka chini mtungi wake akapiga makofi. Kukhu alipogusa ardhi alifunga macho kidogo, akasema, "Mwambieni mama yenu amwambie huyo mtu, asante." Tangu siku hiyo neno Bungoma likakoma.

Basi, sikilizeni nilichofanya.

Ilikuwa kiangazi kibaya. Mnakumbuka maji yetu, yalikuja kwa mkokoteni wa punda, na punda wasipokuja mnakaa hivyo hivyo. Maji ya kuosha vyombo yaliosha miguu, ya miguu yakapiga deki, ya deki yakamwagiwa sukuma wiki. Mama alipita karibu na lile pipa akisonya, maji mazuri yamekaa bure kama maonyesho. Mimi nilijikaza. Lakini Ijumaa moja nilitoka shule, wazazi hawapo, Kukhu amelala, nikapanda kwenye kiti na yunifomu yangu, Simiyu akanizungusha. Tulicheka! Niliposhuka, sketi nzima ilikuwa grisi. Jumatatu ni gwaride, na mama alikuwa ameshaapa kumchapa atakayechezea kile kiti.

Jumamosi jioni, kiti kikiwa juu na pipa limekaa chini, nilifungua kifuniko. Nilichota ndoo moja. Grisi haikutoka. Nikachota ya pili, na ya tatu. Nilijiambia nitarudisha punda wakija, na ni kweli nilikusudia hivyo.

Asubuhi ya Jumapili mama alitangulia kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Kukhu akaketi kitini mwenyewe, alikuwa ameshajua kujivuta kutoka kitandani. Baba alikuwa nyuma ya ukuta wake. Kiti kiliposhuka vidato viwili vitatu, kikaanza kukimbia. Kishikio kilimtoka Baba mikononi kikamgonga kifundo cha mkono. Kwa bahati alikuwa ameweka jino la chuma la kunasa kiti kikienda mbio, nalo likanasa, ta! Kukhu akabaki katikati ya ngazi, Biblia imeruka mpaka mlangoni pa kinu. Hakuumia. Lakini jino halingeachia mpaka uzito utoke kitini, au pipa lijazwe upya, na maji ya kujaza hayakuwapo. Punda Jumapili hawafanyi kazi.

Baba alienda kwenye pipa, akafungua kifuniko, akaangalia ndani. Akafunika. Hakuniangalia.

Mama Nashipae, aliyekuwa amefika na maziwa, alipanda akajaribu kumwinua Kukhu. Hakuweza, na mimi na Simiyu tulikuwa kazi bure. Jua likapanda. Kukhu alianza kutokwa jasho, anapumua kwa mdomo, na bado akasema nimwambie huyo mtu asisogee, atangoja mama. Baba amesimama chini, uso ukutani, ngumi zimekunjwa.

"Wewe mwanaume," Mama Nashipae akamwambia, "unangoja aive hapo juu kama nyama?"

Baba akaomba leso. Mama Nashipae akamtandazia Kukhu moja kichwani ikaficha macho, nyingine Baba akazungushia mikono yake yote miwili. Akapanda, shingo imegeuzwa pembeni, akamwinua mama mkwe wake, akashuka naye vidato vinane akiangalia ukuta. Mimi nilikuwa chini yao, nikaona midomo ya Kukhu ikisogea chini ya ukingo wa leso. Nikajua anaomba Mungu.

Kanisani hakwenda. Mama aliporudi, Kukhu alikuwa chini kwenye kivuli cha duka, na neno lake lilikuwa moja: aletewe mkoba wake. Ameshikwa na mkwe. Atakaaje hapo tena, kwa uso gani? Mama akamwangalia Baba, Baba akasema, "Pipa lilivuja." Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikijua nimemfukuza Kukhu wangu kwa sababu ya sketi. Ningesema. Wallahi, sikutoka pale mlangoni.

Baba akaondoka bila kula. Alirudi jioni na Mama Nashipae, wanavuta kondoo jike mweupe mwenye kichwa cheusi. Mama Nashipae ndiye aliyekuwa amempa shauri. Kwao pia mambo ya ukwe si mchezo, lakini wana njia: mtu akimpa mwenzake mnyama kwa heshima, kuanzia siku hiyo wanaitana kwa jina la yule mnyama. Waliopeana kondoo wanaitana Paker. Hawaitani tena mkwe, hawaitani jina, na hakuna aibu inayoweza kukaa hapo katikati.

"Hata kwetu zamani lazima kitu kingetoka cha kufuta aibu," Baba akasema, akiuambia ukuta wa duka.

Alimfunga kondoo karibu na mguu wa Kukhu, akarudi nyuma hatua kumi. Kukhu alimshika kondoo sikio, akampapasa mgongo, akamfungua mdomo kuangalia meno kama aliye sokoni. Alichukua muda wake. Kisha akasema, wazi, si kwa mama wala kwangu, "Paker, huyu ana mimba?"

"Ana mimba, Paker," Baba akajibu.

Mkoba ukarudishwa ndani. Punda walikuja Jumatatu, pipa likajazwa mpaka kwenye mstari, na Kukhu alikaa nasi miaka sita. Alishuka kila asubuhi kuota jua na kondoo wake, ambao walifika tisa. Kila jioni ungesikia kutoka chini, "Paker! Nishushie pipa!" na juu, "Naja, Paker!" Hawakuwahi kuangaliana usoni. Lakini walipiga kelele za kuitana mpaka wapangaji wakazoea, na mwenye kinu naye akaanza kumwita Baba hivyo hivyo.

Siku hizi nakaa Rongai, na nyuma ya ile nyumba yetu hakuna pundamilia, kuna maghorofa yanayotuzibia hata jua. Baba sasa ndiye magoti yamekataa, na ndiye anayekalia kile kiti. Simiyu alikiwekea mota. Wajukuu wanabonyeza kitufe huku macho yako kwenye simu, babu anaweza kufika mawinguni hawajajua. Mke wa Simiyu anamshika Baba makwapa, "Dadi, inua mguu, haya, mwingine," na wanacheka. Mwanzoni mzee alishtuka akatazama ukuta kwa mazoea. Sasa amezoea, na mimi nafurahi kumwona anapendwa hivyo. Lakini nakumbuka ile mikono iliyozungushiwa leso, nikiwaeleza hawa vijana wananiuliza, si angembeba tu?

Pipa bado lipo, limejaa mchanga na sukuma wiki. Majuzi nilikuwa nachuma mboga pale, Baba kwenye kiti chake tayari kupanda, nikasema kabla sijaogopa.

"Baba, hili pipa halikuvuja."

Alicheka mpaka akakohoa. "Si niliona? Mstari ulikuwa juu, maji yako chini. Na sketi yako ilikuwa kwenye kamba."

"Mbona hukunichapa?"

Akapapasa mkono wa kiti.

"Kukhu alikuona kupitia dirishani ukichota, akadhani ndoo chache hazitadhuru," akasema. "Nilipombeba pale kwenye ngazi, ndipo aliniambia. 'Usimchape mtoto, nguo yake ilikuwa chafu.' Naliaka, wakati huo nilikuwa nimemuoa mama yako miaka kumi na minne, hayo ndiyo maneno ya kwanza mama mkwe wangu kuniambia yeye mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. Ningesema nini? Nilisema, 'Ndiyo, mama.'"

Kisha akabonyeza kitufe, kiti kikaanza kupanda. Nikabaki pale chini na sukuma wiki mkononi, mwanamke mzima, nikilia kwa kutochapwa.