Ubeti wa Nne

Watu wazima wenzangu hucheka nikiwaambia kwamba wimbo ulionivurugia maisha ni wa katuni. Wacheke tu. Nimefundisha kwaya za shule za msingi miaka mingi. Nimesikia nyimbo za kukaribisha wageni, za kupanda miti, za ukimwi, na mpaka leo sijasikia wimbo uliotungwa kwa akili kama ule wa wale wasichana watano wenye nywele za kijani na za waridi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, vitu vilipoanza kumiminika madukani baada ya ukame wa kila kitu. Mjomba wetu, kaka yake mama, alikuwa na kibanda cha video Old Korogwe. Alinunua deki na televisheni yake, vyote vimetumika, vimeshushwa bandarini Tanga kutoka Japani. Ndani ya deki mlikuwa na mkanda ambao bila shaka mwenyewe wa kwanza aliusahau. Mjomba akauwasha siku ya ufunguzi, mbele ya wanaume waliokuja kuona watu wakipigana mateke, wakaona vibinti vya kuchorwa vinaimba. Walimzomea mpaka akaona aibu. Akauchomoa, akautupa kwenye boksi la nyaya mbovu.

Mimi na mdogo wangu aliyenifuata kuzaliwa tulikuwa tumetoka kwetu Handeni, likizo, tuje kumsaidia mke wa mjomba kazi za nyumbani. Kila asubuhi tulifagia kibanda kabla wateja hawajaja. Siku moja tukaomba ule mkanda.

"Fagieni kwanza," mjomba akasema. "Mkimaliza angalieni hako kakatuni kenu. Lakini saa nane nataka mmeshaondoka, msinifukuzie wateja."

Tuliuangalia likizo nzima. Kijapani hatukujua hata neno moja, kwa hiyo wale wasichana tuliwapa majina yetu wenyewe. Kiranja ndiye aliyewaamrisha wenzake. Mwenye Hasira alipiga teke milango. Mlafi hakuacha kutafuna. Mwoga alijificha chooni kila walipotakiwa kupanda jukwaani. Na wa tano tulimwita Mkimya, binti mrefu mwenye sauti nzito, ambaye katika mkanda mzima hakusema maneno mengi kuliko ng'ombe. Walikuwa wanafunzi kama sisi, wenye sare na kengele na mwalimu mkali, na walikuwa wanajifunza wimbo mmoja.

Wimbo mmoja tu! Nataka nilieleze hili vizuri, maana ndiyo kazi niliyoisomea. Kwaya niliyokulia mimi ni ya kuimba pamoja mpaka sauti ya mtu isijulikane, na ukijulikana unachapwa. Wale kila mmoja alikuwa na ubeti wake, na ubeti umeshonwa kufuata kasoro yake. Wa Mwenye Hasira ulikuwa wa maneno mafupi mafupi, ungesema anagombana. Mlafi pumzi ilimwishia katikati, na mtunzi, Mungu ambariki, aliiacha ile pumzi isikike. Mwoga alichelewa kuanza, na ngoma ikamsubiri. Wala wimbo haukuletwa wote kwa mara moja. Waliuimba vibaya juu ya paa la shule, wakauimba wakigombana, kila mara ukiongezeka kipande, hivi kwamba ulipofika kamili, wewe msikilizaji ulikuwa umeshajua kila sauti ilipita wapi mpaka kufika pale. Hawakuwa waimbaji hodari. Ndiyo maana tuliwapenda.

Ubeti wa nne ulikuwa wa Mkimya. Noti tatu tu, chini kabisa, zinakwenda na kurudi. Mara ya kwanza nilidhani ni ubeti wa kujazia nafasi. Mdogo wangu ndiye aliyenionyesha. "Sikiliza kiitikio kinachofuata, dada," alisema. "Kinapanda juu kwa sababu yeye yuko chini. Bila yeye kingekuwa kelele tu." Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mimi nimesomea ualimu, na sijapata kulisema jambo hilo vizuri zaidi.

Yeye mwenyewe alikuwa na sauti hiyohiyo. Shuleni walimcheka, wakasema anaimba kidume. Lakini pale kibandani, akiwa na ufagio mkononi, aliimba noti zake tatu akitazama vumbi kwenye mwanga wa dirisha, na mimi nikaacha kufagia nimsikilize. Nilimpenda sana siku zile. Nalisema mapema, maana yanayofuata hayatafanana na upendo.

Mwisho wa mkanda hatukuuona. Mkimya aligombana na wenzake, au labda kwao kulitokea jambo, akachukua begi akapanda treni. Siku ya onyesho ikafika. Wanne wakasimama nyuma ya pazia, watu wameshajaa ukumbini. Kiranja akafungua mdomo aseme jambo, na hapo hapo deki likautafuna mkanda. Mjomba aliukata kwa mkasi, akaviringisha kilichobaki, kile kipande cha mwisho akakitupa jalalani.

Tulibishana siku tatu.

"Watamsubiri," alisema mdogo wangu.

"Wamsubiri mpaka lini? Watu wameshakata tiketi. Wataweka mwingine."

"Hawawezi kuweka mwingine. Huo ubeti ni wake."

"Basi utaona."

"Tutaona kwenye nini, na mkanda umekatwa?" alisema, tukacheka sote wawili.

Shule ilipofunguliwa tukaenda na wimbo ule Handeni. Mwalimu wa kwaya aliupenda. Nilitunga maneno ya Kiswahili kuhusu kutunza vyanzo vya maji, tukachagua wasichana watano, kila mmoja na ubeti wake. Mimi nilikuwa kiranja, shuleni na katika wimbo. Ubeti wa nne haukuwa na mjadala. Siku ya kwanza alipouimba mbele ya kwaya nzima, waliomcheka walitazama chini.

Wiki tatu kabla ya mashindano ya wilaya, mdogo wangu alivunja ungo. Kwetu Wazigua msichana akivunja ungo huwekwa ndani. Huwa mwali, haonwi, anafundwa na kungwi mpaka siku ya kutolewa. Zamani ilikuwa miezi mingi. Bibi yetu, kwa ajili ya shule, alikubali mwezi mmoja na nusu, na alijiona amelegeza sana. Sharti moja hakulilegeza: sauti ya mwali isisikike nje ya nyumba. Akitaka maji au chakula, anagonga kikombe cha bati kwa kijiko.

Mwalimu alikwenda kumwomba. "Shikamoo bibi," alisema mlangoni, "ni siku moja tu ya mashindano."

"Marahaba. Na mimi nina mwali mmoja tu," bibi akajibu, akamkaribisha uji.

Nyumba ya bibi ilipakana na uwanja wa shule. Tulipofanya mazoezi jioni, yeye alikuwa nyuma ya ukuta ule wa udongo, hatua chache tu kutoka tuliposimama. Siku ya kwanza tulipofika ubeti wa nne tukanyamaza, hatujui la kufanya. Kisha tukasikia kijiko kwenye bati: ti, ti, ti, zinakwenda na kurudi. Alikuwa anagonga ubeti wake. Wasichana walishika midomo wasicheke, na mwalimu akasimama kimya mpaka ukaisha, nasi tukaingia kwenye kiitikio.

"Tuuache hivyo hivyo," mwalimu akasema. "Siku ya mashindano ubeti wa nne ipigwe ngoma tupu, polepole. Nafasi yake pale mbele ibaki wazi. Unaonaje, kiranja?"

Aliniuliza mimi. Angeamua mwenyewe, lakini aliniuliza mimi. Nikasema watu watadhani tumesahau maneno. Nikasema yupo msichana wa darasa la saba mwenye sauti kubwa, tumweke. Mwalimu alinitazama kidogo, kisha akasema, "Haya."

Kesho yake yule mwingine akaimba. Kijiko kikagonga pamoja naye, mwanzo hadi mwisho. Kesho kutwa pia. Siku ya nne hakikugonga.

Tulishinda wilaya, nikajiambia nilikuwa sahihi. Tukapangiwa mashindano ya kanda, Korogwe, na mdogo wangu akatolewa wiki moja kabla ya safari. Alipakwa mafuta, akavalishwa khanga mpya, wanawake wakapiga vigelegele. Jumatatu alirudi shuleni, na jioni akaja mazoezini akasimama mahali pake, wa nne kutoka kushoto. Yule mwingine naye alikuwa amesimama hapo hapo. Wote wakanigeukia.

Ile ya kwanza ningeweza kuitetea, hata leo. Hii siwezi. Nilisema, "Mwacheni huyu, ameshazoea."

Nimetafuta sababu miaka yote hii, na yenye ukweli ni moja tu. Alipokuwa hayupo, watu walinisifu mimi. Wimbo ulikuwa umekuwa kelele, kama alivyosema, na katika kelele sauti yangu ndiyo iliyosikika zaidi. Niliona wivu kwa mdogo wangu wa tumbo moja, kwa noti tatu.

Hakubisha. Alirudi nyuma hatua mbili, akakaa kwenye mawe na watazamaji. Korogwe alikuja nasi kwenye lori la shule, akakaa uwanjani karibu na mjomba. Tulikuwa wa tatu. Zawadi yetu ilikuwa mpira wa miguu, na wavulana wakautwaa kabla hatujashuka garini. Kwa ajili ya hicho!

Tangu siku ile sijamsikia akiimba. Nilidhani amenuna, nuno la wiki moja. Ikawa mwaka. Kwenye arusi za jirani aliketi na wanawake, akipiga makofi, mdomo umefungwa. Alimaliza la saba, hakuchaguliwa kuendelea, akaolewa milimani, Kwashemshi. Nilipokwenda kumwona na mtoto wake wa kwanza, nilimkuta anambembeleza kwa kumpigapiga mgongoni tu, polepole, kimya. Nilitoka nje nikajifanya naangalia migomba. Hatukuwahi kugombana. Laiti tungegombana. Alinipokea vizuri siku zote, akanichinjia kuku, akaniuliza habari za kazi, na mimi sikuthubutu kufungua mdomo juu ya jambo lile, kwa kuwa alijifanya halipo.

Miaka ikapita, vibanda vya video vikaanza kuuza sidii. Siku moja nilikuwa stendi ya Korogwe nikisubiri gari, nikaona kwenye meza ya mchuuzi sura tano nilizozijua. Nywele za kijani, nywele za waridi. Niliinunua, nikaenda kwa mjomba, ambaye alikuwa ameshazeeka na kibanda amekifunga, tukaiweka kwenye deki la mwanawe.

Kiranja, nyuma ya pazia, akafungua mdomo. Safari hii akasema alilotaka kusema. Wanne wakatoka wakasimama wakiacha pengo. Wakaimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne hawakuimba. Ngoma ilipiga peke yake, polepole, na taa ikamulika mahali pasipo na mtu, na watu ukumbini wakanyamaza mpaka ubeti ukaisha. Kisha kiitikio kikapanda. Hapakuwa na kelele hata kidogo.

Mjomba aliniuliza nalia nini, katuni ya watoto.

Kesho yake nikapanda Kwashemshi. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi, pamoja na binti yake wa miaka tisa hivi, aliyeniamkia, "Shikamoo mama mkubwa," kwa sauti nzito iliyonishtua. Sikusubiri hata maji. Nikamwambia mdogo wangu kuwa nimeuona mwisho wa ule mkanda. Hakuuliza mkanda gani.

"Walimsubiri," nikasema. "Waliacha nafasi yake wazi."

"Nilikwambia," akajibu, bila ubaya, mikono inaendelea na mahindi.

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Ah, dada, mambo ya utoto hayo." Hilo lilinivunja zaidi kuliko tusi. Sikujua nifanye nini tena, kwa hiyo nikaanza kuimba, mwanamke mzima, mwalimu, nimekaa kwenye kigoda cha watu. Niliimba vyanzo vya maji, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikafika wa nne, nikanyamaza, nikaacha nafasi. Nilitazama vidole vyake. Punje zilidondoka kwenye beseni ovyo ovyo, hazikufuata wimbo wowote. Nilisubiri mpaka ubeti ungekuwa umeisha, nikasubiri mara mbili ya hapo.

Mtoto alitutazama, mimi kisha mama yake.

"Mama, kwani na wewe ulikuwa unaimba?"

"Hapana mwanangu," alisema, akachukua gunzi jingine. "Alikuwa mwingine."